Gesi ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: maswali na majibu

Swali: Je, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa hutuama chini, hivyo alalaye juu ya kitanda kirefu yuko salama?

Jibu: Hapana. Kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, ina uzito wa molekuli wa 28, na wastani wa hewa ni 29 hivi, kwa hiyo uzito wake hauishushi sakafuni wala hauibakizi darini. Joto la jiko huipandisha mwanzoni, lakini hewa hiyo hupoa, hushuka na kuzunguka, huku molekuli zenyewe zikisambaa bila kukoma, mpaka chumba kizima kinakuwa na mchanganyiko mmoja. Aliye mkekani na aliye kitandani huvuta sumu ileile.

Swali: Mbona gesi ya kupikia husemwa kwamba hukaa chini?

Jibu: Ni kweli, kwa muda. Gesi ya mtungi huwa ni propani, yenye uzito wa 44, na butani, yenye 58, kwa hiyo mtungi unapovuja mahali pasipo na upepo, gesi hutambaa sakafuni kwanza. Nayo huchanganyika na hewa hatimaye, na gesi zikishachanganyika hazijitengi tena kuwa matabaka, hata mlango ukifungwa usiku kucha. Hupungua tu hewa safi ikiingia na chafu ikitoka.

Swali: Na mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi?

Jibu: Hapa ndipo wengi hudanganyika. Moshi ukiisha, makaa mekundu huendelea kutoa kaboni monoksaidi. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa kuwa gesi hii huyeyuka majini kwa kiasi kidogo mno. Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala.

Swali: Hudhuru vipi, na tufanye nini?

Jibu: Hushikamana na himoglobini, yaani kibeba-oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Aliyelala huenda asizinduke kabisa. Mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali hata akizinduka, kwa sababu katika hewa ya kawaida gesi iliyomo damuni huchukua saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu, ilhali kwa oksijeni ya barakoa huchukua takriban saa moja na nusu au chini ya hapo.