Mtoto wangu aingie kwenye utafiti? Maswali ya wazazi kuhusu utafiti wa magonjwa ya kuambukiza

Utafiti mwingi wa malaria, kuhara, malale na magonjwa mengine ya nchi za joto hufanyika wodini na vijijini, na mara nyingi anayeombwa kushiriki ni mzazi aliyempakata mtoto mgonjwa. Haya ni maswali ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza kabla hajaweka sahihi.

Dawa zimeshapimwa Ulaya na Marekani. Kwa nini zipimwe tena kwetu?

Kwa sababu mtoto mwenye malaria, upungufu mkubwa wa damu na pengine utapiamlo, vyote kwa mpigo, siye aliyepimwa kule. Kinachomponya mmoja kinaweza kumuua mwingine. Haya yalishatokea, na mfano mmoja unastahili kuelezwa kwa urefu.

Mtoto analetwa hospitali na homa kali, anapumua kwa shida au fahamu zinampotea, mikono na miguu imekuwa ya baridi. Muuguzi anambonyeza ukucha hadi uwe mweupe, anauachia na kuhesabu. Rangi ikichukua sekunde tatu au zaidi kurudi, maana yake damu haizunguki sawasawa. Katika nchi tajiri, tiba ya hali hiyo ilikuwa inajulikana: mtundikie dripu, umwingizie maji mengi kwa haraka, yaishe ndani ya saa moja. Vitabu vilifundisha hivyo. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na utaratibu huo, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba watoto wanakufa kwa kukosa maji hayo.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania walilipima jambo hilo katika hospitali sita, kwa utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya haraka, ama ya chumvi ama yenye protini ya albumini, na wengine hawakupewa maji ya haraka, bali dripu ya polepole tu. Wote walipata dawa za malaria na antibiotiki kama hali zao zilivyohitaji, na waliopungukiwa damu waliongezewa.

Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio. Baada ya saa 48, kwa kila watoto 100 wasiopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki 7. Waliopewa, walikuwa wamefariki kati ya 10 na 11. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu iliusimamisha utafiti mwezi Januari 2011, kabla haujafikia idadi ya watoto iliyopangwa. Baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha mwongozo wake.

Hebu fikiria kama utafiti ule usingefanyika. Mtu mwenye nia njema kabisa angechangisha fedha, akanunua dripu kwa maelfu, akazigawa kwenye wodi za watoto, na vifo vingeongezeka bila yeyote kujua sababu, kwa kuwa watoto wale walikuwa mahututi tangu mwanzo.

Si kila mara tofauti inakuwa kubwa hivyo. Chanjo ya virusi vya rota, vinavyosababisha kuhara kukali kwa watoto wachanga, ilipopimwa Malawi na Afrika Kusini ilizuia takriban asilimia 61 ya matukio makali, chini ya kiwango kilichopatikana katika nchi tajiri. Kwa Malawi peke yake ilikuwa kama asilimia 49. Ukiishia hapo utaikataa chanjo. Lakini kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingi mno Malawi, chanjo hiyo "dhaifu" iliokoa watoto wengi zaidi kutokana na kuhara kukali, kwa kila 100 waliochanjwa, kuliko Afrika Kusini. Hesabu kama hiyo huwezi kuifanya ukiwa mbali.

Kwa nini watugawe kwa bahati nasibu? Daktari si ndiye anayejua mgonjwa apewe nini?

Daktari akichagua mwenyewe, atawapa dawa mpya wale anaowaonea huruma zaidi, au wale anaodhani watapona. Mwishoni hutajua kama dawa ndiyo iliyofanya kazi au ni uchaguzi wake. Bahati nasibu inayafanya makundi yafanane kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Lipo sharti, na ulishikilie: mgawanyo huo ni halali pale tu ambapo kweli haijulikani tiba ipi ni bora. Kama tiba nzuri ipo na inajulikana, kundi la ulinganisho lipewe hiyo, lisiachwe bila kitu. Uliza wazi: "Mtoto wangu akiangukia kundi jingine, atapewa nini?" Mtafiti akibabaika kulijibu swali hilo, mimi nisingeweka sahihi.

Damu mnayochukua mnaiuza?

Swali hili huulizwa kila mahali, na watafiti wengine hulicheka. Hawafanyi vyema. Mzazi anaona damu ya mwanawe inaondoka kwenye kichupa na hajui inakwenda wapi; angekuwa mzazi wa namna gani asipouliza?

Damu ya kuongezewa mgonjwa huchukuliwa kwenye mfuko, kiasi cha mililita 450 hivi kwa mtu mzima, ikapimwa kundi na maambukizi. Sampuli ya utafiti kwa mtoto mara nyingi ni matone ya kidoleni au kiasi cha kijiko cha chai kutoka mshipani, na kichupa chake aghalabu huwa na kemikali. Hakuna mgonjwa anayeweza kuongezewa hiyo. Hutumika kuhesabu vijidudu, kupima wingi wa damu, kuona kama mwili umejenga kinga baada ya chanjo, au kuchunguza kama vijidudu vimeanza kuwa sugu kwa dawa.

Ila kuna jambo la kweli ndani ya hofu hiyo. Sampuli huweza kuhifadhiwa miaka mingi, kusafirishwa hadi maabara ya nchi nyingine, na kufanyiwa vipimo ambavyo siku ya kwanza havikufikiriwa. Kwa hiyo fomu ya ridhaa inapaswa kukuuliza jambo hilo peke yake, mbali na lile la kushiriki. Unaweza kukubali mtoto ashiriki, ukakataa damu yake isihifadhiwe.

Mtoto wangu ni mzima. Wanamtakia nini?

Watu wengi hubeba vimelea vya malaria bila homa yoyote, na mbu akiwauma anavisambaza. Ukiwapima wagonjwa tu, nusu ya habari inakupita. Tena, kinga hupimwa kwa walio wazima: chanjo humfikia mtu kabla ya ugonjwa.

Chanjo ya malaria ilichelewa sana. Walikuwa wanangoja nini?

Kazi ya chanjo ya RTS,S ilianza miaka ya 1980. WHO ilipendekeza itumike kwa watoto mwezi Oktoba 2021. Ni zaidi ya miaka 30, na lawama ina mahali pake, kwa maana fedha za magonjwa ya maskini hutoka kidogokidogo. Lakini si muda wote ulikuwa wa uzembe.

Utafiti mkubwa wa chanjo hiyo ulihusisha watoto 15,459 katika nchi saba: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Waliopata dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17 walipungukiwa na matukio ya malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Si kinga kamili, lakini kwa ugonjwa unaomrudia mtoto mmoja mara kadhaa, ni nafuu kubwa.

Ndani ya takwimu zilezile kulikuwa na mambo ya kutia wasiwasi: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya watoto wa kike vilionekana kuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa. Ilikuwa bahati mbaya ya namba, au madhara ya kweli? Hakuna aliyeweza kujibu papo hapo. Ndipo mwaka 2019 chanjo ikaanza kutolewa kwa majaribio katika sehemu za Ghana, Kenya na Malawi, kwa mamia ya maelfu ya watoto, huku mambo hayo yakifuatiliwa kwa karibu. Hayakuonekana tena. Idhini ya 2021 ikafuata, na chanjo ya pili, R21, ikapendekezwa Oktoba 2023.

Kwangu mimi, miaka ile miwili ya kusubiri ilikuwa na thamani yake. Chanjo iliyotolewa kwa pupa kisha ikaondolewa ingewafanya wazazi wazikimbie na nyingine zote.

Ni kweli kwamba zamani watu walitumiwa vibaya?

Ni kweli, na anayewaambia wazazi vinginevyo anawadanganya.

Mwaka 1996, wakati mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ukiua watu huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya dawa ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya, trovafloxacin, kwa watoto wapatao 200. Nusu walipewa hiyo, nusu dawa ya kawaida. Watoto 11 walifariki, watano kwenye kundi la dawa mpya na sita kwenye lile jingine. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba ni utafiti. Kampuni ilikana kufanya kosa, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 katika mapatano na jimbo la Kano.

Jeraha hilo halikuishia kwa familia zile. Mwaka 2003 majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwamo, yalisimamisha chanjo ya polio, na kumbukumbu ya 1996 ilikuwa miongoni mwa sababu za watu kutoiamini. Polio ikaenea upya, ikavuka mipaka hadi nchi zilizokuwa zimeshaiondoa.

Leo utafiti wa binadamu unatakiwa upitishwe na kamati ya maadili ya nchi unakofanyika, hata kama fedha zinatoka ng'ambo. Mzazi asiyejua kusoma asomewe fomu katika lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, ndipo aweke dole gumba. Ukiona karatasi inasukumwa mbele yako na mtu anasema "weka tu hapa", simama.

Nikikataa, mtoto atanyimwa matibabu?

Hapana. Atatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Na ukikubali leo, kesho unaweza kujitoa bila kudaiwa sababu.

Magonjwa yetu yana wa kuyajali kweli?

Kwa muda mrefu, wachache mno. Kati ya dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni duniani kuanzia 1975 hadi 1999, ni 16 tu zilizokuwa za magonjwa ya kitropiki na kifua kikuu. Mgonjwa asiye na fedha si mteja, na kampuni hazikujificha katika hilo.

Malale inaonyesha pande zote mbili. Ugonjwa huu huenezwa na mbung'o, na vimelea vikishaingia kwenye ubongo mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana, hukesha usiku, kisha hufa. Dawa iliyotegemewa kwa miongo mingi ilikuwa melarsoprol, iliyotengenezwa kwa aseniki. Iliunguza mishipa ilipodungwa, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa nayo. Madaktari waliendelea kuitoa kwa sababu bila hiyo wote wangekufa.

Kumbe kulikuwa na kiambata kilichotengenezwa zamani na kuachwa kwenye makabati ya kampuni. Shirika la DNDi, lisilotafuta faida, lilikifufua mwaka 2005 katika msako wa dawa zilizosahaulika, na kikapimwa kwa wagonjwa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ndiyo fexinidazole: vidonge vya kumezwa kwa siku kumi, bila sindano. Ilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2018. Mwaka 1998 wagonjwa wa malale walioripotiwa walikaribia 40,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Dawa hiyo ilikuja wakati ugonjwa umeshapungua sana. Kazi kubwa ilifanywa na timu zilizokwenda kijiji kwa kijiji kupima watu na kutega mbung'o.

Jambo likienda mrama, nimwambie nani?

Fomu ya ridhaa huwa na nakala mbili, na moja ni yako. Usiondoke bila hiyo. Inatakiwa iwe na namba mbili za simu: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Mtoto akipata homa, vipele, degedege au chochote usichokielewa, piga ya kwanza hata kama ni usiku, na gharama za kutibu madhara yaliyoletwa na utafiti zisiwe juu yako. Ukiona husikilizwi, au umedanganywa, piga ya pili. Kamati ina uwezo wa kuusimamisha utafiti, na haihitaji ruhusa ya mtafiti kukusikiliza.