Ndege zinazozunguka juu ya paa: maswali na majibu kuhusu kelele na afya

Kwa miaka mingi wakazi wa kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington nchini Marekani, wamepinga mazoezi ya ndege za kivita aina ya Growler. Marubani wa Jeshi la Majini hutumia uwanja mdogo karibu na mji wa Coupeville kujifunza kutua kama wanavyotua juu ya meli, na zamu nyingine za mazoezi hufanyika usiku. Habari hizo zikifika huku Ilemela, ambako uwanja wa ndege wa Mwanza uko kando ya ziwa na nyumba zimeusogelea, watu hawaniulizi siasa za Marekani. Wananiuliza habari za presha, za usingizi, za watoto wao. Mimi ni mhudumu wa afya, na haya ndiyo ninayowajibu.

Daktari, hata ndege za abiria zinapiga kelele. Za mazoezi zina tofauti gani?

Tofauti kubwa ni marudio. Ndege ya abiria ikishatua, imetua. Anayejifunza hugusa njia ya kurukia kwa magurudumu, hapo hapo anaongeza nguvu ya injini, anapaa, anazunguka na kurudi palepale. Mzunguko mmoja ni dakika chache tu, kwa hiyo paa lako laweza kupitiwa mara kumi kwa saa moja na ndege ileile. Ikiwa ni ndege ya kivita, mngurumo wake ni mzito na huja ghafla, na mwili wa binadamu huogopa kitu cha ghafla kuliko sauti iliyotulia.

Muwe macho na neno "wastani". Wataalamu huchukua kelele za mwaka mzima wakazigawanya kwa siku zote, hata zile ambazo hakuna ndege iliyoruka. Whidbey walilibishania sana jambo hili. Mtu aliyemwagikiwa maji ya moto hapozwi kwa kuambiwa kwamba kwa wastani wa mwaka maji yake yalikuwa vuguvugu. Tena kipimo cha desibeli hakipandi kama bei ya sukari: zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi, na sikio huisikia kama imekuwa maradufu.

Mimi nimeshazoea, nalala fofofo. Kuna madhara bado?

Hili ndilo ninalotaka watu walielewe kuliko mengine yote. Akili huzoea, moyo hauzoei kwa kiasi hicho. Sikio halifungwi usiku kama jicho. Sauti ikipita, ubongo hutoa amri ya hatari hata kama hukuamka: homoni za adrenalini na kortisoli zinamwagika, mishipa inajikaza, mapigo yanapanda. Watafiti wa Ulaya waliwafunga watu 140 vipimo vya presha wakiwa wamelala majumbani mwao karibu na viwanja vya ndege. Kila ndege ilipopita, namba ya juu ya presha ilipanda kwa takriban pointi 6, na ilipanda hata kwa wale ambao hawakuamka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Usiku mmoja wa namna hiyo haumuui mtu. Miaka kumi ya usiku wa namna hiyo ni habari nyingine, hasa kwa mwenye presha au kisukari tayari. Ndiyo maana mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kwamba kelele za ndege usiku, zikipimwa nje ya nyumba, zisizidi wastani wa desibeli 40. Watu wawili wakizungumza kawaida wanafika kama 60.

Watoto je?

Mtazame mtoto mchanga ndege inapopita chini: anarusha mikono yote miwili, vidole vimefunguka, kisha anaikunja kifuani na kuanza kulia. Huko kushtuka ni kwa kawaida kwa umri wake. Kisicho cha kawaida ni kushtuka hivyo mara kumi katika usingizi mmoja wa mchana.

Kwa walio shuleni, ushahidi tunao mzuri. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani na kufungua mpya kwingine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla na baada. Waliokuwa karibu na uwanja uliofungwa, kusoma na kumbukumbu zao vikaimarika. Wale walioletewa uwanja mpya, vikashuka. Mwalimu anayekatizwa katikati ya sentensi, chaki mkononi, akingoja ndege ipite, anapoteza zaidi ya hizo sekunde 30, maana darasa zima limepoteza uzi. Agosti 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho alikuta kwamba Jeshi la Majini, lilipoongeza safari za Whidbey, halikupima vya kutosha athari hiyo hiyo kwa masomo ya watoto.

Mume wangu anavua dagaa Igombe. Usiku yuko ziwani, mchana ndio analala. Usiku tulivu utamsaidia nini?

Swali hili lilinigusa, kwa sababu sheria na miongozo karibu yote hufikiria kwamba watu wanalala usiku. Huyu anarudi alfajiri, anasaidia kuanika, saa nne asubuhi ndiyo kwanza anajinyoosha kwenye mkeka chini ya bati lenye joto. Usingizi wa mchana tayari ni mwepesi. Ukikatwakatwa, ataingia mtumbwini jioni akiwa mzito, na uzito huo majini ni hatari ya kuzama. Walinzi na wauguzi wa zamu wako hivyohivyo. Mkikaa kuzungumza na wahusika kuhusu saa za mazoezi, watajeni hawa. Giza la mwezi, wavuvi wanapoingia ziwani kila usiku, linajulikana tarehe zake mapema.

Na moshi wa ndege?

Ndege za jeti hutumia mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa, hayana madini ya risasi. Ndege ndogo za pangaboi zenye injini ya pistoni, zinazopendwa sana kufundishia, nyingi duniani bado hutumia petroli yenye risasi, miaka mingi baada ya magari kuiacha. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Jimboni California, wilaya ya Santa Clara ilisimamisha uuzaji wa mafuta hayo katika viwanja vyake kuanzia Januari 2022, baada ya utafiti wa damu za watoto wanaoishi karibu. Kwa hiyo ulizeni: ndege za mafunzo zinatumia mafuta gani?

Nyumbani nifanye nini?

Weka silingi bodi chini ya bati, hasa chumba cha kulala. Bati tupu ni ngoma. Ziba nyufa za mlango. Mlaze mtoto chumba cha upande usioelekea njia ya ndege. Mstari wa miti unapendeza, lakini kelele hii inatoka juu, miti haitaizuia. Vizibo vya masikio vya sponji vinamfaa mtu mzima. Mtoto mchanga usimtie pamba wala kitu chochote sikioni. Na tafadhali, ukifunga madirisha, jiko la mkaa litoke nje kwanza. Hewa ya mkaa inaua kimyakimya.

Tukilalamika hatutaonekana tunapinga jeshi?

Kuomba watoto walale si kupinga ulinzi wa nchi. Nendeni na daftari: tarehe, saa, ndege zimepita mara ngapi, nani aliamka, presha ilisoma ngapi asubuhi. Wiki nne za daftari zina uzito kuliko kelele za mkutano. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata, kisha diwani, kisha NEMC, baraza linalosimamia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Uwanja unapopanuliwa, hudhurieni vikao vya tathmini ya athari kwa mazingira na mtake sura ya afya iwemo. Ombeni mambo yanayotekelezeka: saa za kupumzika, siku za mitihani, njia ya kuzunguka ipite juu ya ziwa. Msipige picha ndege za jeshi wala kambi, daftari linatosha.

Masikio yangu yanavuma baada ya ndege kupita. Nisubiri?

Yakivuma dakika chache yakaacha, ondoka kwenye kelele, yapumzishe, na usiweke redio sikioni siku hiyo. Yakivuma zaidi ya siku moja, nenda ukapimwe. Ukiamka sikio moja limeziba au halisikii kabisa, usilitie mafuta ya moto wala dawa ya jirani: nenda hospitali siku hiyohiyo, na uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Tiba ya hali hiyo inahesabu siku, na wanaokuja baada ya wiki kadhaa mara nyingi tunakuwa tumeshachelewa nao.