Mjusi Awindaye Maji Yakipwa

Katika miamba ya matumbawe ya Mombasa, kuanzia chini ya Fort Jesus hadi Mama Ngina na Nyali, anaishi mjusi-islamu mdogo, mweusi wa rangi ya shaba, aitwaye kitaalamu Cryptoblepharus africanus. Kiwiliwili chake hakizidi sana sentimita 5 bila mkia. Jicho lake halina kope za kufunga na kufungua. Limefunikwa na kigamba kiangavu kama la nyoka, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linamfaa sana kiumbe anayerushiwa maji ya chumvi kutwa.

Maji yanapokupwa huteremka kutoka kwenye nyufa za juu na kufuata ukingo wa bahari, akiwinda wadudu na vidudu vya jamii ya kaa na kamba juu ya mwamba uliobaki umelowa. Yakianza kujaa, hupanda tena. Anayetaka kumwona na aende siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa kuwa hapa kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi, wakati ambapo jua limekwisha kulipasha jabali joto na eneo la kuwindia ni pana. Siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, ukanda huo huwa mwembamba. Ukimkurupusha hujitupa katika kitundu cha karibu, na akishikwa mkia huukata akauacha. (Tafadhali usimjaribu.)

Jamaa zake wa karibu hawako bara. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zilizo karibu naye, imeenea Australia, Indonesia na visiwa vya Pasifiki, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba wahenga wake walivuka Bahari ya Hindi, yamkini juu ya magogo na takataka zinazoelea, wakafika Madagaska, Komoro na mwambao wetu. Leo yuko kuanzia Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, na hata baada ya safari hiyo yote hajaingia ndani ya nchi hatua nyingi.

Hutaga yai moja au mawili tu. Kinachoweza kumwumiza ni kukosa nyufa. Kuta za saruji zinazojengwa kuzuia mmomonyoko hupigwa lipu zikawa laini, ilhali mawe yaliyopangwa bila kuzibwa nafasi zake yangevunja mawimbi na kumwachia pa kujificha.