Ladha ni nini hasa, na mbona ukiwa na mafua chakula kinakuwa chapwa

Ukishikwa na mafua mazito chakula chote kinakuwa kama karatasi, unatafuna tu basi, mtu akikuuliza vipi unamjibu sisikii ladha. Sasa hebu siku hiyohiyo chukua punje chache za sukari uweke ulimini. Utamu utausikia vizuri tu, na chumvi nayo hivyohivyo. Kumbe ulimi ni mzima, kilichozibwa ni pua.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe, maana "ladha" tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna kile ulimi unachokipata wenyewe na hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: utamu, chumvi, uchungu, ukali kama wa limau, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama au uyoga inayoitwa umami, jina alilolitoa mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda mwaka 1908 baada ya kuchunguza supu ya mwani. Tano tu. Na zote tano unazisikia kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya ladha (vile vijisehemu vidogo vinavyohisi ladha), ile ramani inayosema utamu uko mbele na uchungu uko nyuma si kweli, ifute kabisa kichwani.

Halafu kuna ile ladha nyingine, ile inayokufanya ujue hili ni chungwa na lile ni nanasi. Kwa ulimi hayo matunda mawili ni karibu kitu kimoja, tamu na ukali kidogo, basi. Ule uchungwa wa chungwa ni harufu.

Utasema mbona mimi nikila sinusi chochote. Unanusa, ila kwa mlango wa nyuma. Pua ina njia mbili, ya mbele ndiyo hii ya matundu unayovutia hewa, na nyingine inatokea kooni nyuma ya kinywa. Ukitafuna chakula kinavunjika, kinapata joto la mdomo na kutoa mvuke mwepesi sana usiouona, halafu ukimeza na kutoa pumzi ule mvuke unapanda kwa nyuma ya koo mpaka juu kabisa ndani ya pua ambako ndiko zilipo seli za kunusa. Seli hizo zina vipokezi, yaani vinasa harufu, vya aina kama 400 hivi (wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walieleza jeni zake mwaka 1991 na kazi hiyo ikawapa tuzo ya Nobel mwaka 2004), sasa linganisha 400 na zile tano za ulimi, ndo utaelewa kwa nini pua ikiziba kinachobaki ni kidogo sana.

Jaribu mwenyewe na pipi ya matunda. Funga macho, bana pua, mtu akuwekee mdomoni bila kukwambia ni ya nini. Utasikia utamu na labda uchachu, lakini tunda lenyewe hutalijua. Achia pua. Ghafla tunda linatokea, na cha ajabu ni kwamba utalisikia likitokea mdomoni, si puani! Ubongo unachukua habari ya pua, ya ulimi, na ya kule chakula kinakogusa na kutafunwa, unavichanganya vyote halafu unavibandika mdomoni kama kitu kimoja. Labda ndio maana hata Kiswahili hakijahangaika kuvitenganisha, tunasikia ladha, tunasikia harufu, kitenzi kilekile.

Njia hizo mbili nazo hazileti picha moja. Kuna jibini inanuka vibaya ukiisogeza puani lakini ukishaitia mdomoni ni tamu ajabu, na kahawa watu wengi wanaipenda zaidi harufu kuliko wakiinywa. Vanila ndiyo inanifurahisha zaidi: tunasema inanukia utamu, wakati ukiionja yenyewe bila sukari ni chungu, ni vile tu ubongo umezoea kuikuta kwenye vitu vitamu.

Pilipili usiihesabu humu. Tunasema pilipili kali na limau kali, neno moja, ila ukali wa pilipili si wa vinundu vya ladha wala si harufu, ni neva za maumivu na joto zinashtuka. Ndiyo maana hata mwenye mafua anausikia.

Covid-19 iliwafundisha wengi somo hili kwa uchungu, mtu pua haijaziba lakini harufu imekatika na chakula kimekufa, na kuna walionusa tena baada ya muda lakini vitu vikawa vinanuka ovyo, kahawa kama kitu kilichooza. Wazee nao uwezo wa kunusa unapungua polepole, kwa hiyo mzee akilalamika kwamba chakula hakina ladha na anaongeza chumvi kila siku, tafadhali msigombane naye wala msimlaumu mpishi, inawezekana ni pua. Mpe kidogo sukari, kidogo chumvi. Akivitofautisha vizuri basi ulimi uko sawa, mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kwa wakati huo mtu mwingine awe anamwangalizia gesi ya jikoni, moshi na chakula kilichochacha, maana hivyo vyote alikuwa anavijua kwa kunusa.