Misaada, wageni na siasa: aya moja haitoshi

Dhana: Biblia inasema asiyefanya kazi asile, kwa hiyo kumsaidia maskini ni kulea uvivu.

Mstari huo, 2 Wathesalonike 3:10, unamhusu asiyetaka kufanya kazi. Mgonjwa, mzee na aliyehangaika kutafuta kazi akakosa hawamo. Mistari mitatu mbele, Paulo anawahimiza Wathesalonike hao hao wasikate tamaa katika kutenda mema.

Dhana: Kutoa ni hiari ya moyo, hakuwekewi sheria.

Torati iliweka. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna hadi pembeni au kurudia masazo, kwa kuwa hayo yalikuwa haki ya maskini na mgeni (Walawi 19:9–10). Ruthu, mgeni kutoka Moabu, aliokota masuke shambani mwa Boazi kwa utaratibu huo. Kila mwaka wa 3 zaka iliwekwa mjini kwa ajili ya Mlawi (wa kabila la Lawi, lisilokuwa na urithi wa ardhi), mgeni, yatima na mjane.

Kanisa la kwanza nalo lilikuwa na mgawo wa kila siku, na haukukosa ugomvi. Matendo 6 inasimulia kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani (Kigiriki) walisahauliwa. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu 7 wenye sifa njema. Majina yote 7 ni ya Kiyunani, na inaelekea kazi ilikabidhiwa upande ule ule uliopunjwa. Masharti pia yalikuwapo: 1 Timotheo 5 inataka mjane anayeandikishwa awe ametimiza miaka 60, na jamaa wenye uwezo wawatunze walio wao ili kanisa lisilemewe. Haya hayapangi kiwango cha kodi cha nchi yoyote, lakini yanaonyesha kwamba daftari na upendo vilikaa pamoja.

Dhana: Kuhusu wahamiaji, Mkristo ana jibu moja tu: kufungua mipaka yote, au kuifunga yote.

Kila upande huchagua aya zake. Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama nafsi yako. Kutoka 12:49 inaweka sheria moja kwa mzalia na mgeni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (kitabu cha mafundisho yake rasmi), namba 2241, inayashika yote mawili: mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea anayetafuta usalama na riziki, kwa kadiri yawezavyo; serikali inaweza kuweka masharti; mhamiaji naye atii sheria na kubeba sehemu ya mzigo wa nchi iliyompokea. Ugomvi halali uko kwenye hiyo “kadiri”. Kumwita mtu mhalifu kwa sababu tu ametoka kwingine si sehemu ya ugomvi huo.

Dhana: Nikitetea haki, nina ruhusa ya kumchafua mpinzani.

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haina likizo wakati wa uchaguzi. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu. Kabla ya kusambaza kipande cha video, tafuta hotuba nzima, angalia tarehe, sikiliza sentensi iliyotangulia na inayofuata. Kama umeshasambaza na kumbe si kweli, sahihisha pale pale ulipokituma, mbele ya watu wale wale.