Kipokezi hasi, au nyama imeharibika?

Mama aliyekwisha koma hedhi akaona damu, hata ikiwa kidogo, anatakiwa achunguzwe kizazi, isije ikawa saratani ya utando wake wa ndani. Wengi hapa Zanzibar hutangulia na karatasi ya CA-125, protini inayopimwa kwenye damu, kwa kuwa ni damu tu na haiumi. Lakini kipimo hicho hakithibitishi saratani wala hakiiondoi. Kwa kawaida hakizidi yuniti 35 kwa mililita, ila hupanda kwa fibroidi, mimba, hedhi, hata kifua kikuu cha tumbo. Na saratani ambayo bado imo ndani ya kizazi mara nyingi haikipandishi. Mimi hukitumia kwa mgonjwa aliyekwisha thibitishwa: kikiwa juu kabla ya upasuaji, nashuku ugonjwa umetoka nje ya kizazi.

Jibu limo kwenye nyama iliyochukuliwa kizazini. Vipokezi, yaani protini zinazopokea homoni za estrojeni na projesteroni, hukaa ndani ya kiini cha seli. Maabara tunavipaka kingamwili, na kiini chenye kipokezi kinageuka kahawia. Saratani ya endometrioidi, aina ya kawaida zaidi ya saratani ya utando huo, ikiwa ya daraja la chini (isiyo kali) huwa navyo kwa kawaida, na ndiyo inayotarajiwa kuitikia dawa za projestini, zinazofanya kazi kama projesteroni. Kwa kijana anayetaka kuzaa, ugonjwa ukiwa daraja la kwanza na haujaingia kwenye msuli, kuna njia ya projestini: vidonge vya megestroli au kitanzi cha levonorgestreli, na nyama ichukuliwe tena kila miezi 3 hadi 6. Bila ya ufuatiliaji huo, njia hiyo ni hatari.

Basi jibu la "hasi", yaani vipokezi havikuonekana, lina uzito, na hapa ndipo naumia. Mara nyingine aliyelileta ni kopo la kuhifadhia nyama, si ugonjwa.

Kizazi kilichotolewa kikitumbukizwa kizimakizima, fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, haifiki ndani. Hupenya kiasi cha milimita 1 kwa saa, na utando tunaoutafuta umo katikati kabisa, unaoza huku nje kumeshahifadhika vizuri. Kipasue ubavuni pande zote mbili, kifunguke kama kitabu, ndani ya saa 1 tangu kitoke mwilini. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Ukiichanganya mwenyewe: mililita 100 za fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu daihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti. Bila ya chumvi hizo inakuwa na asidi, na rangi inafifia. Maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi kitu.

Nyama ikae humo saa 6 hadi 72. Upasuaji wa Alhamisi asubuhi Pemba, boti ya Jumatatu: muda umepita. Andika kwenye fomu saa ya kutoa na saa ya kutia fomalini, nasi tutajua tuisome vipi.

Ukisoma majibu, uliza jambo moja: seli za kawaida zilizo pembeni, tezi na msuli wa kizazi, zimeshika rangi ya kahawia? Hizo zina vipokezi. Zikikosa kahawia nazo, kipimo kimeshindwa, na hiyo "hasi" isitumike kumnyima mgonjwa dawa. Omba kirudiwe kwa bloku nyengine (kipande cha nta chenye nyama), au kwa kile kinyama cha mwanzo kilichokwanguliwa, ambacho kwa udogo wake hulowa haraka. Kwenye bloku hiyohiyo omba na kipimo cha protini ya p53 pamoja na protini nne za kurekebisha DNA: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Na kama mama anameza tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti) au projestini, liandike hilo. Dawa hizo hubadilisha sura ya tezi.