Je, wajua kwa nini London ilivunja makanisa yake?

Huko Twickenham, kusini-magharibi mwa London, lipo kanisa la matofali la mwaka 1940 lenye mnara wa mawe wa karne ya 17. Mnara huo, kazi ya msanifu majengo Christopher Wren, ulikuwa wa kanisa la All Hallows, Lombard Street, katikati ya mabenki. Ulibomolewa jiwe baada ya jiwe, ukahamishwa, ukasimamishwa upya.

Chanzo chake ni watu kuhama. City, kitovu cha kale cha London chenye ukubwa wa maili moja ya mraba hivi, kilikuwa na wakazi wapatao 128,000 mwaka 1851. Kufikia 1901 walibaki kama 27,000. Treni ziliwawezesha watu kufanya kazi mjini na kulala pembezoni. Nyumba zikawa ofisi na maghala, bei ya viwanja ikapaa. Jumapili kasisi alihubiria viti vitupu, na huku vitongoji vipya vikifurika watu wasio na pa kusali.

Ndipo ikaja sheria ya 1860. Parokia ziliunganishwa, jengo lisilohitajika likavunjwa, kiwanja kikauzwa, na fedha zikajenga kanisa kule waumini walikohamia. Kanisa la St Dionis Backchurch, ndani ya City, lilivunjwa 1878. Fedha zake zikajenga St Dionis ya Parsons Green, magharibi mwa London, na mimbari ya zamani ikapelekwa huko. Hata wafu walihamishwa: mifupa ilifukuliwa ikazikwa upya nje ya City.

Kugawa fedha hivyo kulikuwa haki. Ila kupima kanisa kwa mahudhurio ya Jumapili tu, mahali ambapo maelfu huja Jumatatu hadi Ijumaa, naona lilikuwa kosa. Mwaka 1920 tume ya askofu ilipopendekeza makanisa mengine 19 yaondolewe, watu walipiga kelele, na mwaka 1926 Bunge likaukataa mpango huo. Leo makanisa kadhaa ya City husalisha katikati ya wiki, saa ya chakula cha mchana.

St Mary Woolnoth nalo nusura livunjwe kupisha stesheni ya treni. Watu wakalipigania, stesheni ikachimbwa chini yake. Parokia yake sasa inaitwa St Edmund the King na St Mary Woolnoth pamoja na St Nicholas Acons, All Hallows Lombard Street, St Benet Gracechurch, St Leonard Eastcheap, St Dionis Backchurch na St Mary Woolchurch Haw. Majina ni manane. Makanisa yaliyosimama ni mawili.